Funza wa miguuni: maswali ninayoulizwa dukani kila kiangazi

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu upande wa Kiboriloni, Moshi. Januari ikishaingia na vumbi likishatanda barabarani, haipiti siku bila mtu kuvua kiatu mbele ya kaunta na kuniambia, "Dada, hebu niangalizie hapa." Wengine wanakuwa wameshachokonoa tayari, damu inatoka, na pini wameichomeka kwenye ukosi wa shati. Maswali ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu.

## Mdudu mwenyewe

1. Funza ni nini hasa? Ni tofauti na tekenya?

Ni mdudu yuleyule. Kwa jina la kitaalamu anaitwa Tunga penetrans, na ni kiroboto wa jamii moja na wale wa mbwa na paka, ila yeye ni mdogo zaidi: urefu wake ni kama milimita moja tu. Jina "funza" linawachanganya watu kwa sababu tunalitumia pia kwa wale weupe wanaotambaa kwenye nyama iliyooza au kwenye embe. Hao ni watoto wa nzi, hawahusiani naye kabisa. Ndiyo maana neno tekenya lina faida yake, halimtaji mwingine.

Dume na jike wote wananyonya damu, lakini anayeingia kwenye ngozi na kukaa humo ni jike. Akishaingia anaanza kunenepa kwa ajili ya mayai, mpaka tumbo lake linafikia ukubwa wa punje ya njegere. Ile unayoiona ikitoka kama kifuko cheupe ni tumbo la mama mmoja lililojaa mayai. Wengi hudhani wametoa "kiota" chenye wadudu wengi. Sivyo. Ni mmoja.

2. Babu anasema zamani hakukuwa na funza. Ni kweli?

Babu yuko sahihi. Kwao ni Amerika Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, Angola, ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito, na funza wakashuka pamoja na mchanga huo. Kutoka hapo walisafiri kwa miguu ya watu, yaani wapagazi, askari na wafanyabiashara wa misafara, na kabla karne ya 19 haijaisha walikuwa wameshafika pwani yetu. Kwa hiyo anayekwambia funza ni laana ya ukoo fulani, muulize hiyo laana ilipandaje meli.

3. Anaruka mpaka kitandani?

Mrukaji hodari si yeye. Hukaa chini, kwenye vumbi na mchanga mkavu, akingoja mguu upite. Ndiyo maana karibu wote tunawakuta miguuni. Mtu anayelala chini kwenye mkeka, juu ya sakafu ya udongo, yeye anaweza kuingiliwa popote panapogusa chini (angalia swali la 20).

## Kumtambua

4. Nitajuaje kwamba hiki ni funza?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanamtafuta mdudu. Mdudu humwoni. Unachotafuta ni nukta nyeusi katikati ya duara.

Chukua punje ya kunde, ile nyeupe yenye jicho jeusi. Funza aliyekomaa anafanana nayo sana: uvimbe mdogo wa mviringo, mweupe au wa manjano kidogo, na katikati kijicho cheusi au cha kahawia. Kile kijicho ni sehemu ya nyuma ya mdudu. Kichwa kimezama ndani kinanyonya damu, ila nyuma amepaacha wazi kwa sababu ndipo anapopumulia, anapojisaidia na anapotolea mayai. Ukiwa na tochi ya simu, elekeza mwanga kutoka pembeni badala ya juu moja kwa moja, na utaona ngozi imeinuka kuzunguka nukta.

Kuna dalili mbili nyingine ambazo nikiziona sina tena shaka. Ya kwanza ni kiuzi chembamba cha kahawia kinachotoka kwenye ile nukta, au madoa ya kahawia yaliyotapakaa kwenye mistari ya ngozi. Hicho ni kinyesi chake. Ya pili ni vijidude vyeupe vidogo mno vilivyoganda juu ya ngozi pembeni ya nukta, kama chembe za unga wa sembe ambazo hazipukutiki ukipuliza. Hayo ni mayai.

Vitabu vingi vinasema utaona wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, hasa siku za mwanzo. Utakachopata ni muwasho unaozidi usiku, ngozi kuwa ya moto kidogo ukiigusa, na maumivu ukivaa kiatu. Usingoje kuona rangi nyekundu ndipo uamini.

5. Anabadilikaje kadiri siku zinavyokwenda?

Anapitia hatua, na ukizijua utaacha kubahatisha.

Saa za kwanza, akiwa bado anajipenyeza, ni kidoa kidogo kama ncha ya kalamu, na pengine unaona bado kasimama nusu nje. Siku ya kwanza na ya pili amezama, nukta nyeusi inaonekana vizuri na muwasho umeanza. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mpaka wiki ya tatu ndipo anavimba. Duara jeupe linatokea, ngozi inakaza, panauma ukikanyaga, na ndicho kipindi anachotoa mayai. Kwenye wiki ya tatu hadi ya tano anakufa humohumo. Weupe unapotea na mahali pake panabaki ganda jeusi lililokauka na kunywea. Baadaye ganda linadondoka na kuacha kishimo cha mviringo ambacho huchukua majuma, wakati mwingine miezi, kujaa.

Wateja wengi hunijia wakati wa lile ganda jeusi, wakiwa na wasiwasi kuliko wakati wowote kwa sababu weusi unatisha. Kumbe hapo mdudu ameshakufa, na kazi iliyobaki ni kulinda usafi wa kidonda.

6. Hupenda kukaa wapi?

Pembeni na chini ya kucha za miguu, hasa kidole gumba na kidole kidogo, kisha katikati ya vidole, kwenye kisigino na ukingo wa wayo. Mwenye magaga ajikague ndani ya ile mipasuko, kwa sababu wanajificha humo na kijicho cheusi kinafanana na uchafu. Ukimpata mmoja, usiishie hapo. Kagua miguu yote miwili, kucha moja baada ya nyingine, ukiwa umeshaiosha kwa sabuni. Mguu wenye vumbi hausomeki.

7. Mbona sikusikia aking'ata?

Ndivyo alivyo. Anajichimbia taratibu kwa saa kadhaa, na wengi hawahisi kitu. Wengine husikia kichomo kidogo wanachodhani ni mchanga ndani ya kiatu. Muwasho wenyewe unakuja baadaye, mwili unapoanza kumkataa. Kwa hiyo ukianza kuwashwa leo, fikiria ulikokanyaga juzi, si leo asubuhi.

## Vitu vinavyofanana naye

8. Je, haiwezi kuwa kunguni, upele, fangasi au mwiba?

Inaweza, na kuna watu wamepaka dawa ya fangasi mwezi mzima juu ya funza.

Fangasi wa miguu huanzia katikati ya vidole, ngozi inakuwa nyeupe yenye unyevu, inabanduka na kutoa harufu. Haina nukta katikati. Upele unawasha usiku kama funza, lakini unapenda katikati ya vidole vya mikono, vifundo vya mikono kwa ndani, kiunoni na sehemu za siri, na kwa kawaida watu kadhaa ndani ya nyumba wanajikuna kwa wakati mmoja. Kunguni huacha alama kadhaa kwenye ngozi iliyokuwa wazi ukiwa umelala, mara nyingi zikiwa zimejipanga, na hakuna kinachobaki ndani ya ngozi. Viroboto wa mbwa huacha vipele vinavyowasha kuanzia kwenye vifundo vya miguu mpaka kwenye muundi, yaani juu kuliko funza anapopenda.

Mwiba ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu nao una doa jeusi. Tofauti ni kwamba mwiba unauma tangu dakika ya kwanza na kwa kawaida unakumbuka ulipochomwa. Tena mwiba haukui wala hauzungukwi na duara jeupe la mviringo kabisa. Chunjua ya kwenye wayo nayo ina vidoa vyeusi, ila ni vingi, vimetawanyika, na uso wake umekwaruza kama koliflawa. Inakaa miezi na miezi bila kubadilika. Funza hawezi kukaa miezi. Muda ndio shahidi wako mzuri kuliko macho.

9. Na yule funza anayetoka kwenye nguo zisizopigwa pasi?

Huyo ni mwingine kabisa. Ni mtoto wa nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani. Ukivaa, kiluwiluwi kinaingia kwenye ngozi, na uvimbe wake unafanana na jipu lenye tundu juu. Hutokea mgongoni, kiunoni, mapajani na kwenye matako ya watoto wanaovaa nepi za kitambaa. Wengine wanasema wanasikia kitu kikichezacheza ndani. Pasi ya moto pande zote mbili za nguo, pamoja na mishono, inamaliza mayai hayo. Kwa funza wa miguuni pasi haisaidii lolote.

10. Nina mstari unaowasha, kila siku umesogea kidogo. Ni funza?

Hapana. Funza akishaingia hahami. Mstari uliopinda unaosogea ni kiluwiluwi cha mnyoo wa mbwa au paka anayetambaa chini ya ngozi, na watu hupata hasa kwenye mchanga wenye kinyesi cha wanyama hao. Una dawa yake ya kumeza. Onana na daktari, na usijaribu kuukata mbele kwa wembe.

## Kumtoa na kumtibu

11. Nimtoe kwa pini?

Nitasema wazi, hata kama wazee hawatanipenda: madhara mengi niliyoyaona yametokana na pini kuliko na funza.

Tulikua hivyo wote. Jioni bibi anakaa kwenye kigoda, mnapanga foleni, pini moja au mwiba wa mlimao unazunguka miguu ya watoto sita. Huo ni utaratibu wa kupeana damu. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B vinaweza kupita kwenye pini iliyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Halafu pini ikimpasua mdudu na kipande kikabaki ndani, panavimba, panatunga usaha, na hapo ndipo mtu anapokuja anachechemea.

Kama hakuna namna na ni mmoja au wawili tu, wa siku za mwanzo, basi afanye mtu mwenye macho mazuri na mkono uliotulia. Mguu uoshwe kwa maji na sabuni, kisha eneo lisafishwe kwa spiriti au ayodini. Sindano iwe mpya, ya mtu mmoja, na itupwe baada ya hapo. Panua ngozi taratibu kuzunguka nukta mpaka mdudu atoke mzima, usimchome katikati wala kumbinya. Baada ya kutoka, safisha kishimo tena, paka dawa ya kuua vijidudu, funika kwa kitambaa safi. Waliovimba sana, walio chini ya kucha, au wengi waliokaa pamoja kama sega la nyuki, waachie watu wa zahanati.

12. Mafuta ya taa, petroli, maji ya betri au dawa ya kuogeshea ng'ombe, ipi ni bora?

Hakuna. Maji ya betri ni tindikali, yatakula ngozi kabla hayajamfikia mdudu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu inayopita kwenye ngozi na kuingia mwilini, zaidi sana kwa mtoto mwenye vidonda. Mafuta ya taa na petroli huunguza, na nimeshaona wayo wa mtoto wa miaka saba ukiwa umebabuka wote, huku funza wawili bado wako palepale na vijicho vyao.

13. Dawa ya dukani ni ipi?

Inayofanya kazi vizuri kuliko zote zilizopimwa ni mafuta ya dimetikoni, ambayo pia hutumika kwa chawa. Si sumu. Ni mafuta mepesi mno yanayopenya kwenye kile kijicho na kumziba mdudu pumzi. Unadondosha tone au mawili juu ya nukta, unasubiri, unarudia dakika chache baadaye, kisha unaacha. Katika utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, baada ya siku saba funza 78 kati ya kila 100 waliopakwa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai, wakati kwa potasiamu pamanganeti walikuwa 39. Akishakufa hachokonolewi. Ngozi yenyewe itamsukuma nje. Kikwazo ni kwamba si kila duka linayo, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujapanda daladala.

Potasiamu pamanganeti, zile chembe za zambarau iliyoiva, ndiyo unayoweza kuikuta kwa urahisi na ndiyo iliyotumika sana kwenye kampeni za kuosha watoto miguu. Kipimo ni nusu gramu kwa lita moja ya maji, na mguu unakaa humo dakika 10 hadi 15. Koroga mpaka chembe zote ziyeyuke, kwa sababu chembe nzima ikigusa ngozi inaunguza. Beseni litabaki na rangi, na kucha pia, kwa siku kadhaa. Wanaotaka kwenda harusini Jumamosi huwa nawaambia mapema.

Dawa za kuua bakteria za kumeza haziui funza. Hutolewa tu kama kidonda kimeingia vijidudu, na anayezitoa ni aliyekuona.

14. Nikimwacha tu, hatakufa mwenyewe?

Atakufa, kama nilivyoeleza kwenye swali la 5. Ila kwanza atakuwa ametaga mayai mengi chini ya kitanda chako, na kidonda kitakuwa mlango wazi kwa majuma kadhaa. Mtu mzima mwenye funza mmoja, anayevaa viatu na kuosha miguu, huenda asipate shida. Mtoto mwenye kumi hawezi kuachwa hivyo.

15. Nahitaji sindano ya pepopunda?

Kama hujui ulichanjwa lini, au ni zaidi ya miaka kumi, nenda ukaulize. Vimelea vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi, ambako ndiko funza naye anapotoka, na kidonda chake ni kidogo lakini kina kina. Katika mambo yaliyomo humu, hili ni mojawapo ya yanayoweza kuua.

16. Vidonge vya aivamektini je? Nasikia vinaua wadudu wote.

Vinasaidia kwa upele na baadhi ya minyoo. Kwa funza aliyekwisha kuingia, vilijaribiwa kwa kumezwa na havikuonyesha faida. Okoa hela yako.

## Nyumbani

17. Tumewatoa wote, wiki mbili baadaye wamerudi. Kwa nini?

Hawakurudi. Hawa ni watoto wao. Mayai yakidondoka kwenye udongo mkavu huanguliwa kwa siku tatu au nne, kiluwiluwi kinakaa kwenye tabaka la juu la vumbi kikila takataka, kinajifunga kwenye kifuko, na baada ya wiki tatu hadi nne hivi tangu yai, kiroboto kipya kinasubiri mguu. Wewe umetibu miguu na kuiacha sakafu.

Sakafu ya saruji isiyo na nyufa ndiyo dawa ya kudumu, na najua saruji ni pesa. Wenye nyumba ya udongo wanaweza kuanza na chumba wanacholala watoto. Kabla ya kufagia nyunyiza maji, kwa sababu kufagia kukavu kunahamisha tu vumbi na vilivyomo. Ziba nyufa, toa mikeka na magunia juani, na watoto walale juu ya kitanda hata kama ni cha kamba. Dawa ya viroboto ya kupuliza inapunguza kwa muda, lakini waliojifunga ndani ya udongo hutoka baadaye, kwa hiyo kupuliza mara moja hakutoshi.

Huku kwetu wanazidi miezi mikavu, Januari na Februari, tena kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika ikishika wanapungua wenyewe. Usidhani ni ile dawa uliyonunua Machi.

18. Mifugo inahusika?

Sana. Nguruwe, mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe na hata panya wanaingiliwa na funza haohao. Kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, banda la ng'ombe au nguruwe liko hatua chache tu kutoka jikoni, na mbwa analala kwenye vumbi la mlangoni. Mshike mbwa, geuza mguu, angalia katikati ya vile vitakia vya nyayo. Ukikuta vijicho vyeusi, umepata kiwanda. Mwite mtaalamu wa mifugo, na dawa yake ibaki kwa mifugo (angalia swali la 12).

19. Kuvaa viatu kunatosha?

Kunasaidia, hakutoshi. Viatu vya kufunika vinapunguza sana, lakini kandambili, yeboyebo na katambuga zinaacha vidole vyote nje, na ndani ya nyumba kila mtu huvua. Raba ya mtumba kutoka soko la Memorial ni afadhali kuliko ndala mpya. Ivae na soksi, na uikung'ute kabla hujaingiza mguu. Kinachofanya kazi kuliko vyote ni kuosha miguu kila jioni na kuikagua kwenye mwanga, kwa sababu funza wa siku moja ni kazi ya dakika tano. Kupaka miguu mafuta ya nazi asubuhi na jioni nako kunamfanya apate shida kuingia, na tena kunalainisha magaga.

20. Anaweza kuingia mikononi au makalioni?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Huwa namkuta kwa mtoto anayekaa chini bila nguo, kwa anayetambaa, na kwa mzee au mgonjwa anayelala chini. Angalia viwiko, viganja, magoti na makalio. Alama ni zilezile za swali la 4.

21. Mtoto ana funza. Asiende shule asije akaambukiza wengine?

Aende. Funza hatoki mguuni kwa mtoto mmoja na kuingia kwa mwingine. Lazima mayai yapitie udongoni kwanza. Anachohitaji ni matibabu na kiatu. Hata hivyo, kama darasa lina sakafu ya vumbi na watoto wengi wana funza, tatizo liko darasani, na mwalimu mkuu aambiwe.

Na tafadhali, msimwite "mfunza". Niliwahi kuhudumia kijana wa darasa la sita aliyekuwa akitembelea ukingo wa nje wa miguu, vidole vimekunjwa juu, ili wenzake wasione kucha. Hakuwa mchafu. Alikuwa analala jikoni, kando ya mbuzi, kwa sababu nyumba ilikuwa na chumba kimoja.

## Hali za pekee

22. Nina kisukari. Nifanye nini tofauti?

Usijichokonoe hata kidogo, na usiloweke miguu bila kuuliza. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za miguu, hivyo huenda usiwashwe wala usiumie, ukaja kushtuka kuna harufu. Mtu mwingine akukague kila jioni, au weka kioo chini ya wayo. Ukiona nukta moja tu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ushauri ni huohuo kwa aliyewahi kuugua ukoma akabaki na ganzi.

23. Nimehamia Dar kwenye nyumba ya vigae, na funza nilikuja naye mguuni. Nitawaeneza?

Uwezekano ni mdogo sana. Mayai yanahitaji udongo au mchanga wa kukulia, na vigae vinavyopigwa deki havina. Tibu mguu, pukuta sanduku nje, basi.

24. Ni wakati gani niache duka niende hospitali?

Usaha, uvimbe unaopanda kuelekea kifundo cha mguu, homa, tezi kwenye kinena, kucha inayong'oka, kushindwa kutembea, au funza wengi kiasi kwamba huwezi kuwahesabu. Taya likikaza au shingo kukakamaa, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Anza na zahanati iliyo karibu. Watakupeleka mbele ikibidi, kwa Moshi Mawenzi, kwa Arusha Mount Meru. Kwenye hospitali ya KCMC, hapa Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na kwa jambo lililoshindikana kujulikana ni la ngozi gani, hapo ndipo mahali pake.

25. Doa jeusi kwenye wayo wangu halijaondoka, ni mwezi wa tatu sasa. Funza gani huyu?

Huyo si funza tena. Nimesema juu kwamba maisha yake ndani ya ngozi yanaisha kwenye wiki ya tatu hadi ya tano. Kishimo kinaweza kubaki zaidi ya hapo, lakini kishimo kinajaa kidogo kidogo, hakipanuki. Doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, linalotoa damu, au mstari mweusi unaonenepa chini ya ukucha vinahitaji daktari, kwa sababu saratani moja ya ngozi kwa watu weusi hupenda hasa nyayo na kucha. Lipige picha leo ukiweka sarafu pembeni yake kupima ukubwa, na uende na hiyo picha hospitali wiki hii.